Pikipiki ya Chama Iligoma Kuwaka

Pikipiki iliwaka. Wanaume waliokuwa pale ghalani walipiga kelele za furaha, mmoja akarusha kofia yake juu, mwingine akampiga katibu mgongoni mpaka akakohoa. Mume wangu aligeuka kunitazama, anacheka meno yote nje. Mimi nilikuwa nimelala juu ya magunia matupu kwenye baraza la ghala la chama, mkono wangu uko tumboni. Nilikuwa nautafuta mguu mdogo uliokuwa ukinipiga chini ya mbavu tangu alfajiri. Nilibonyeza upande mmoja, nikabonyeza upande mwingine. Kimya. Moshi umejaa barazani, wanaume wanashangilia, na mimi nikajua kwamba niliyembeba ameshaondoka.

Niseme na nani katika kelele ile? Mama mkwe wangu alikuwa amekilaza kichwa changu mapajani mwake. Aliniangalia usoni, naye akajua. Akasema taratibu, kwa lile neno letu la Kisukuma la mama, "Nyamaza, mayu. Nyamaza tu." Wala sikuwa nalia. Alikuwa anajinyamazisha mwenyewe.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi na nimechoka nayo. Watu wanasikiliza, wanasema pole, halafu wanaanza kusimulia za kwao. Sasa naiandika, ili nikiwa nimeiandika wasiniulize tena. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayetafuta maneno mazuri asitafute humu. Nitasema kilichotokea na waliokifanya.

Kijiji chetu kiko njia ya Mwamapalala. Siku hizi kule ni wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Wakati ule tulikuwa Bariadi bado, na mkoa ulikuwa Shinyanga, mbali huko. Tulilima pamba kama wote. Pamba tuliiuza kwa chama chetu cha msingi, hakukuwa na pengine pa kuuza. Kila mkulima alikatwa kidogo kwenye pamba yake kwa ajili ya mambo ya chama, na katika makato hayo ndimo ilimotoka pikipiki. Nyekundu, tangi lake kubwa, mlio wake unausikia ukiwa bado shambani unapalilia. Ilinunuliwa kwa ajili ya bwana pamba, yule mtaalamu aliyekuwa anapita mashambani kutazama wadudu na kutufundisha kupulizia dawa. Lakini mtu akiumwa na nyoka, au mwanamke akizidiwa, ilikuwa inajulikana tu: unakimbilia ghalani, pikipiki inatoka. Hakuna aliyeombwa kibali. Mtoto wangu wa kwanza, binti, nilimzaa zahanati ya hapohapo kijijini bila shida, lakini jirani yangu alipelekwa Bariadi kwa pikipiki ile na akarudi na mapacha. Kwa hiyo nasema ilikuwa yetu, na sikosei.

Halafu likaja soko huria. Sisi tulilisikia redioni kwanza. Walisema mkulima sasa atauza anapotaka, wanunuzi watashindana, bei itapanda. Mwaka wa kwanza kweli wanunuzi walikuja na mizani zao, wakatundika kila penye mti. Chama kikakosa pamba. Kikakosa pamba, kikakosa nguvu. Bwana pamba akapunguzwa kazi, akafunga mizigo yake akaenda kwao. Mwisho tukaambiwa chama kimekufa, na kwamba atakuja mfilisi, ndiye mtu anayetumwa kukizika chama na kugawa vilivyobaki.

Kabla mfilisi hajafika uliitwa mkutano pale ghalani. Sisi wanawake tulikaa chini pembeni, kama kawaida. Mzee mmoja akasimama akasema chama kife, sawa, kila kitu kinakufa, lakini pikipiki ibaki zahanati kwa ajili ya wagonjwa. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa chama, mtu mnene mwenye sauti nzuri, mzee wa kanisa, akasimama akasema: "Ndiyo. Hilo halina mjadala. Pikipiki ni ya wagonjwa. Nani atapinga wagonjwa?" Tukacheka. Tukamwamini. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu, na mimba yangu wakati huo ilikuwa changa.

Mfilisi alikuja na gari siku ambayo sisi tuko mashambani tunapanda. Alipoondoka, mlango wa ghala ulikuwa na kufuli jipya na juu ya kufuli karatasi yenye mhuri, imefungwa kwa uzi na lakiri nyekundu. Ndani walikuwa wamefungia mizani, meza, mabomba ya kupulizia dawa, na pikipiki. Tulipouliza, mwenyekiti alisema mfilisi ndiye aliyetaka vyote vifungiwe, mali isiguswe mpaka wadai walipwe. Tukauliza na pikipiki ya wagonjwa? Akasema, "Itatoka. Mambo ya sheria yana utaratibu wake." Ufunguo wa pikipiki alikuwa nao yeye mfukoni.

Akabaki mlinzi. Huyu alikuwa mzee, mdogo wake baba mkwe wangu, kwa hiyo kwangu ni mkwe. Aliilinda ghala ile tangu ilipojengwa na alibaki anailinda hata baada ya kuambiwa hakuna wa kumlipa. Alikuwa na njia yake ya kuingia: ubao mmoja wa nyuma uliolegea. Aliingia kufukuza panya na kutazama kama bati halivuji.

Pamba ikapandwa, ikapaliliwa, ikapasuka, ikachumwa. Pikipiki iko ndani. Msimu wa kuuza ukafika na siku zangu zikafika.

Uchungu ulianza jioni, na kulipopambazuka nikawa zahanati. Nesi wetu alikuwa mama mtu mzima, mikono yake mizuri. Alinipima, akanipima tena, akatoka nje kuongea na mume wangu. Nilimsikia: "Mtoto amekingama. Hapa hatazaliwa. Huyu anatakiwa kisu, mpelekeni Bariadi, na msikae."

Wakati huohuo lilikuwa limesimama senta lori la mnunuzi, linapakia pamba. Zamani lori la chama likipita, mgonjwa anapanda, na hata asiye mgonjwa anapanda. Mume wangu alikwenda kuongea na mnunuzi mwenyewe, kijana nadhifu wa mjini aliyekaa mbele na miwani yake. Alirudi uso umemshuka. Mama mkwe akamuuliza, "Amesemaje?"

"Anasema damu itachafua pamba. Pamba ikichafuka inashuka daraja."

"Hukumwambia tutamlaza juu ya turubai?"

"Nimemwambia. Anasema yeye amekuja kununua pamba, hakuja kuwa ambulensi."

Mama mkwe akatema mate chini. Lori likawashwa likaondoka, nafasi ya watu wanne iko tupu juu ya marobota. Huyo mnunuzi simjui na alikotoka sikujui, lakini namtaja na yeye. Tena akili yake ilikuwa sawasawa, hakuwa amelewa. Alinitazama pale kwenye mlango wa zahanati, akatazama saa yake.

Mama mkwe alisema, "Fungeni ng'ombe." Maksai wakaletwa, wakafungwa kwenye tela, nyasi zikatandikwa. Kwa tela ungefika Bariadi jua linazama, kama maksai ni wazuri, na wetu walikuwa wazuri. Ningeenda nimelala. Niliinuliwa kabisa, mguu mmoja uko juu ya tela, ndipo mume wangu aliposema, "Ngoja. Pikipiki si iko ghalani? Pikipiki itafika kabla hawa ng'ombe hawajavuka hata mto."

Nani angebisha? Maneno yalikuwa ya kweli. Wakanihamishia baraza la ghala, maana ni hatua chache, maksai wakaachwa wamesimama na nira zao.

Katibu wa zamani wa chama aliitwa kwa sababu yeye alikuwa anaiendesha pikipiki bwana pamba asipokuwepo. Alifika akaitazama ile karatasi ya mhuri akarudi nyuma.

"Hii mimi siigusi. Hii ni serikali."

Mume wangu akasema, "Mke wangu yuko hapa, unamuona."

"Namuona, ndugu yangu. Lakini akija mfilisi atauliza nani alivunja. Tumtafute mwenyekiti aje yeye."

"Mwenyekiti yuko wapi?"

"Wanasema amekwenda Bariadi mjini. Tangu juzi."

"Basi ukienda kumwita Bariadi, si mpitie na mke wangu njiani?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, uchungu ukanikata. Wakabishana pale, wengine wanasema vunja, wengine wanasema andikeni kwanza majina ya mashahidi. Kivuli cha ghala kiliniacha, wakanivuta ndani zaidi ya kivuli, na bado wanabishana. Mwisho mume wangu alichukua shoka akapiga kufuli kwa kisogo chake. Lakiri ilivunjika kama kigae cha udongo. Hakuna kilichotokea. Mbingu haikuanguka.

Mlinzi wakati wote huo alikuwa kando. Walipoifungua milango na kuisukuma pikipiki hadi barazani, karibu kabisa na miguu yangu, yeye aliondoka. Ninyi mnaosoma mkiwa wa mahali pengine mtashangaa, lakini kwetu mkwe hamtazami mke wa mtoto wake akiwa katika hali kama ile, nguo ziko ovyo, analia kama mtoto. Hata sauti ya uchungu wangu hakutakiwa kuisikia. Mzee alikwenda nyuma ya ghala, akakaa kwenye jiwe, akatupa mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake kwangu. Hakuna aliyemfuata kumuuliza kitu.

Pikipiki ilikuwa imefunikwa turubai, safi, matairi yamelala kidogo. Kwa kuitazama ungesema imepumzika tu. Ufunguo haukuwepo, katibu akachomoa waya za swichi chini ya taa, akaziachanisha, maana zikigusana moto haupiti. Akapanda, akavuta choki, akapiga kiki. Ikasema fu. Akapiga tena. Fu.

"Imelala usingizi," mmoja akasema.

"Iamshe kwa jina lake."

"Haina jina, ina namba ya chama, na chama kimekufa. Inaomboleza hiyo."

Walikuwa na furaha bado. Wanaume wakipewa mashine inayokataa wanakuwa kama wamepewa pombe. Wakajaa, kila mmoja na ushauri wake.

Kwanza mafuta. Katibu akafungua kifuniko cha tangi akanusa, akampa mume wangu anuse. Petroli ilikuwa imekaa mpaka imegeuka, inanuka kama rangi ya zamani, imekuwa nyekundu kama chai. Wakaimwaga. Mume wangu akachukua baiskeli akakimbilia dukani senta ya pili kununua petroli ya chupa. Alipokuwa anakwenda aliniambia, "Sasa hivi tu." Akarudi amelowa jasho, chupa mbili kwenye fulana. Wakatia. Kiki. Fu.

Koki ya mafuta ilikuwa imeziba. Wakaitoa, wakaipuliza kwa mdomo, katibu akameza petroli kidogo akatapika pembeni, wakamcheka. Kiki. Haikuwaka.

Mama mkwe alisema, "Ng'ombe wamesimama."

Mume wangu akasema, "Mama, imekaribia."

Wakahamia kwenye kabureta. Hiyo iliwachukua muda mrefu. Katibu aliifungua juu ya kitambaa, kila kidude akakiweka mahali pake, na ndani yake kulikuwa na utando kama gundi ya utomvu. Tundu lile dogo la kupitisha mafuta halikupitisha hata mwanga. Walitafuta kitu chembamba cha kulizibulia. Unyasi wa ufagio ukavunjikia ndani. Wakachomoa uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, huo ukapita. Katibu akaliinua juu akalitazama jua kupitia tundu, akasema, "Naona dunia." Wakashangilia. Mtoto alinipiga wakati ule, kwa nguvu, nakumbuka, nikafikiri na yeye anashangilia.

Wakafunga. Kiki. Ikakohoa, puu, ikafa.

Hiyo puu ndiyo iliyoniua mimi. Kabla ya hapo pengine wangekata tamaa. Sasa wakasema, "Imeitika! Mmesikia? Imeitika!" Na yule aliyekuwa ameshika maksai, kijana wa jirani, akaona hakuna haja, akawafungua nira wakapelekwa kunywa maji. Mama mkwe alimwona. Alimfokea, lakini wanaume wakamwambia, "Mama, tulia, dakika moja tu anapanda."

Plagi. Wakaitoa, nyeusi, imelowa. Wakaipeleka jikoni kwa mama ntilie kuichoma motoni ikauke, wakaisugua kwa msasa, wakaikwangua kwa wembe. Katibu akasema tuijaribu kama inatoa moto: aliishika kwenye chuma cha injini, mwingine akapiga kiki, na umeme ukamtupa katibu mpaka akakalia makalio. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Katibu mwenyewe akacheka. "Moto upo, jamani! Moto upo, nimeona nyota!" Mimi nilikuwa nimeuma kanga ya mama mkwe. Sijui kama kuna aliyekumbuka pale kwamba kazi ile ilikuwa ya nini.

Nisiseme uongo, mume wangu alikumbuka. Alikuwa anakuja, anachuchumaa, ananishika mguu kwa mkono wenye grisi, anasema, "Vumilia, imebaki kidogo." Anarudi. Nesi naye alikuja akanipima, akawaambia kwa ukali, "Ninyi mnacheza." Katibu akamjibu, "Dada, mafuta yapo, moto upo, sasa inakataa nini? Haiwezi kukataa." Nesi akasema, "Lakini inakataa."

Wakaisukuma. Waliitelemsha barabarani, wanne wanasukuma, katibu juu, wanaingiza gia, inaburuza tairi, puu, inakufa. Wakaenda mpaka kwenye kona ya kanisa, wakarudi nayo wanahema. Barazani tulibaki wanawake watatu na kuku. Ule mguu wa mtoto sasa ulikuwa unagusa tu, kama mtu anayebisha hodi kwa aibu.

Walipofungua kichujio cha hewa walikuta nyumba ya panya, laini, imejengwa kwa pamba. Wakasema hii hapa! Ndiyo hii! Wakaitoa, wakatupa, panya wachanga wakaanguka wekundu vumbini, kuku wakawameza. Kiki. Puu. Ikafa.

Katibu alikaa chini akasema, "Mimi nimeshindwa." Mtu mmoja akaanza kuzungumza habari ya kurogwa, kwamba kitu cha marehemu hakitumiwi kabla ya matanga, na chama hakijafanyiwa matanga. Mwingine akaona ana hoja. Mume wangu akasema, "Walete ng'ombe." Lakini ng'ombe walikuwa bondeni.

Mama ntilie ndiye aliyepeleka chakula nyuma ya ghala kwa mlinzi. Mzee akamuuliza wanakwama wapi. Akamwambia. Basi tukasikia sauti yake, mwenyewe hajitokezi, anaongea na ukuta kwa kuwa mimi niko upande huu:

"Katibu! Ile pamba mmeitoa?"

"Pamba gani, mzee? Ya panya tumeitoa."

"Ya panya sijui. Ile niliyozibia mimi bomba la moshi."

"Uliziba bomba la moshi?"

"Nyigu walikuwa wanaanza kujenga humo kwa udongo. Nikaliziba vizuri, nikashindilia kwa mti. Kitu kikiwa kimelala unakiziba. Nilijua mtaitoa kwanza, ndiyo ya kwanza kutoa."

Mimi nikaelewa alichofanya, na nadhani wote pale walielewa, maana kwetu pamba ndiyo kifuniko cha kila kitu. Unaziba nayo kibuyu, unaziba chupa ya mafuta ya taa, unaziba sikio lenye maumivu. Na mtu akifa unamziba pua. Mzee alipoona chama kimekufa na pikipiki imelazwa, aliilaza kwa heshima, kama anavyolazwa mtu. Mzungu asingefanya hivyo, na fundi wa mjini asingewaza kutazama huko.

Katibu alipinda sipoku ya baiskeli ikawa ndoano, akaiingiza kwenye ekzosi, akavuta. Pamba ilitoka. Ilitoka, ikatoka, ndefu, nyeusi mwanzoni, mbele yake ya kijivu, na ndani kabisa nyeupe, pamba daraja la kwanza. Akapiga kiki mara moja.

Kilichofuata nimeshakisema.

Walinipakia katikati, katibu mbele, mume wangu nyuma ananikumbatia ili nisianguke. Njia nzima ilikuwa vumbi na mashimo. Katibu alikuwa anapaza sauti, "Tunafika, shemeji, tunafika!" na kweli tulifika, pikipiki ilikwenda vizuri sana, haikuzimika hata mara moja. Hospitali walinipokea mbio. Walifanya walichoweza, sina neno juu yao. Walimtoa mtoto, alikuwa wa kiume, na walitoa na mji wa mimba kwa sababu ulikuwa umechanika. Daktari aliniambia nimshukuru Mungu kwa uhai. Nikamwambia asante. Aliuliza uchungu ulianza lini na kwa nini tumechelewa. Mume wangu akajibu, "Pikipiki iligoma." Daktari akatikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa mvua ilinyesha.

Mume wangu alioa mke wa pili baadaye. Ana watoto huko, wananiita mama, wana adabu. Mlinzi alikufa zamani. Kabla ya kufa alimtuma mtu kwangu na mbuzi, bila maneno. Nilimpokea mbuzi. Katibu tunasalimiana, mwangaluka, mwadila, basi, kila mtu anapita na njia yake. Hao wote nimewataja kwa sababu walikuwepo. Sina nguvu ya kuwachukia.

Ila nikuelezeni nilichokiona msimu uliofuata. Nilikuwa Bariadi sokoni nauza mchele. Ikapita pikipiki nyekundu, tangi kubwa, juu yake kijana wa mwenyekiti wa chama amempakia mchumba wake. Mlio ule siwezi kuusahau. Nikaifuata kwa miguu mpaka iliposimama, nikazitazama waya za swichi: zimefungwa kwa utepe mweusi palepale katibu alipozichomoa. Ile mali isiyoguswa. Ile iliyotaka mfilisi, na wadai, na sheria, na utaratibu. Mhuri ule ulituzuia sisi sote asubuhi nzima, mwenyekiti haukumzuia.

Nilikwenda kwake mara moja, mume wangu akiwa hataki. Alinikaribisha vizuri, akaagiza niletewe soda. Akasema, "Mayu, yale yalikuwa mabadiliko. Ni soko huria lile. Hata sisi viongozi lilituumiza." Nilikuwa bado mdogo, nikanywa soda ile nikaondoka. Nikiikumbuka inanipanda mpaka leo.

Miaka imepita. Mwaka huu tulikutana msibani Ngulyati. Yuko hai, amekonda, anatembea na mkongojo, watu wanampisha kiti. Alinitambua. Aliuliza habari za watoto. Nilimjibu, "Nina mmoja," akasema, "Mungu mkubwa," akamgeukia mtu mwingine.

Basi nakuuliza hapa, mwenyekiti, kwa kuwa msibani haikuwa mahali pake. Usiniambie soko huria. Soko huria halina mikono, halikufunga kufuli wala halikutia ufunguo mfukoni likaenda mjini. Ulisimama mbele yetu ukasema ndiyo, pikipiki ni ya wagonjwa. Nani alikuambia uifungie? Kama ni mfilisi, mtaje jina lake na alikotoka, nitamtafuta na miguu yangu hii. Kama ni wewe, sema ni mimi. Usije kwa mume wangu wala kwa wazee wa kanisa, na usitume mbuzi. Njoo kwangu mwenyewe, njia ya Mwamapalala, nyumba ya bati baada ya kisima, ukae, useme kwa mdomo wako mtoto wangu alikufa kwa ajili ya nini. Mchana wote nipo.